Kwa nini mada niliyoisoma inarudi kuonekana mpya?

Swali la msomaji wa Morogoro, nimelifupisha kidogo: "Nina jukwaa la wafugaji wa kuku, tuko memba kama 600, mada 4,000 na posti karibu 60,000, tunatumia phpBB 3 (programu ya kuendeshea jukwaa). Kuna kero mbili. Mtu anasoma mada zote kwenye simu usiku, asubuhi akifungua kompyuta ya ofisini zote zinaonekana mpya. Wengine wao ni kinyume, anaingia asubuhi anasoma mbili tatu, anaenda kula, akirudi anabofya posti mpya anaambiwa hakuna kitu na wakati kuna nyingi hajazigusa. Je jukwaa linajuaje nani kasoma nini? Na nikiwasha kumbukumbu kwenye databesi si itajaa?"

Mkuu, asante kwa swali, na nimefurahi umeniwekea na idadi maana bila idadi ningekuwa nakujibu hewani. Hizo kero mbili zinafanana kwa nje ila chanzo chake ni tofauti kabisa, kwa hiyo nitazitenganisha, lakini kwanza tuelewane kwenye jambo moja maana likikaa sawa kichwani mengine yote yanafunguka yenyewe.

Watu wengi wanadhani "imesomwa" ni alama iliyobandikwa kwenye posti. Hapana. Fikiria duka la Mangi pale mtaani, ukikopa sukari Mangi haandiki deni kwenye mfuko wa sukari, anaandika kwenye daftari chini ya jina lako. Sukari ni ileile kwa wote, deni ni lako peke yako. Posti nayo ni hivyohivyo, ni moja kwa watu wote 600, kusomwa au kutosomwa ni habari ya kati ya posti na mtu mmoja mmoja, kwa hiyo lazima kuwe na daftari mahali fulani, na maswali yote ya namna hii yanaishia kwenye mambo mawili: daftari liko wapi, na linaandikwa kwa kipimo gani.

Sasa ukiamua kuandika kila posti na kila mtu, yaani huyu kasoma hii na hii na hii, kwa jukwaa lako ni 60,000 mara 600, hiyo ni mistari milioni 36 kama wote wangekuwa wamesoma vyote. Hakuna programu ya jukwaa ninayoifahamu inayotegemea hesabu hiyo kuamua kipi kipya. Zote zinafanya ujanja uleule ambao na wewe unaufanya ukisoma kitabu, huweki tiki kila ukurasa, unaweka kipande cha karatasi pale ulipoishia. Kila mtu kwa kila mada anawekewa alama moja tu ya alipoishia, kilicho nyuma ya alama kimesomwa, kilicho mbele yake bado.

Tuangalie ndani kabisa phpBB 3 inavyofanya, maana ndiyo unayotumia. Kuna jedwali linaitwa topics_track, na mstari wake mmoja una namba nne tu: namba ya memba, namba ya mada, namba ya ukumbi (yaani sehemu ya jukwaa ambamo mada imo), na muda. Chukua memba namba 57, mada namba 812, ukumbi namba 4, muda 1717261200. Hiyo namba ndefu isikutishe, ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya kimataifa, na hii hapa ni Jumamosi tarehe 1 Juni 2024 saa mbili kamili usiku kwa saa zetu. Maana yake memba 57 katika mada ile kashasoma kila kilichoandikwa mpaka saa mbili usiku. Nusu saa baadaye mtu akajibu, mada ikaandikiwa muda wa posti ya mwisho 1717263000. Memba 57 akifungua orodha ya mada programu inalinganisha tu namba mbili, ya mada ni kubwa kuliko ya kwake, basi ile mada inawekewa alama nyekundu pembeni. Ndiyo kazi yote hiyo, kulinganisha namba mbili, na ndiyo maana ukurasa unafunguka haraka hata kama mada ziko hamsini kwenye orodha.

Juu ya jedwali hilo kuna jingine, forums_track, hili ni la ukumbi mzima, na juu yake zaidi kuna namba moja kwenye rekodi ya memba mwenyewe inaitwa user_lastmark. Programu ikikosa mstari wa mada inauliza wa ukumbi, ikikosa wa ukumbi inarudi kwenye user_lastmark, na hiyo ya mwisho mwanzoni kabisa ni muda aliojiandikisha, ndiyo maana memba mpya akiingia leo hakuti mada 4,000 zote zimewaka nyekundu. Shika hili la user_lastmark, nitalirudia.

Na hapa ndipo jibu la databesi kujaa lilipo. Memba akimaliza kusoma mada zote za ukumbi programu inaligundua hilo yenyewe, inafuta mistari yake yote ya mada za ukumbi huo na kuandika mmoja tu wa ukumbi, kwamba mpaka muda huu kamaliza. Akibofya kuweka majukwaa yote yamesomwa, mistari yake yote inafutwa, ya mada na ya kumbi, inabaki ile namba moja ya user_lastmark. Kwa hiyo daftari linajisafisha. Hebu tuchukue hali mbaya kuliko zote, memba wote 600 wana mstari kwa kila mada kati ya 4,000, hiyo ni mistari 2,400,000 ya namba nne nne, na huko hutafika kamwe maana wengi wa memba 600 wanaingia mara moja kwa mwezi na wengine walijiandikisha wakauliza swali moja la kideri wakapotea. Hostingi ya bei ya kawaida inabeba hiyo bila shida. Picha za mabanda ambazo watu wanapakia zinakula nafasi kuliko daftari hili mara nyingi sana, kama una wasiwasi wa nafasi anzia huko.

Sasa kero ya kwanza, simu na kompyuta. Hiyo nina uhakika daftari lako haliko kwenye databesi, liko kwenye kuki ya brauza, yaani faili dogo la kumbukumbu ambalo brauza inalitunza kwenye kifaa. phpBB ina sehemu ya mipangilio ya mzigo wa seva kwenye paneli ya admini, kuna kitu pale kwa jina la ndani kinaitwa load_db_lastread, na kwa kawaida kinakuja kimewashwa, kwa hiyo kama kwako kimezimwa basi aliyekufungulia jukwaa alikizima akidhani anapunguza mzigo. Kikizimwa, hata memba aliyejiandikisha alama zake zinahifadhiwa kwenye kuki, na kuki ni mali ya brauza ile moja kwenye kifaa kile kimoja. Simu ya mtu haijui kilichopo kwenye kompyuta ya ofisini kwake, na kompyuta haijui ya simu. Akifika ofisini kuki haina kitu, programu inarudi kwenye user_lastmark, na kama hajawahi kubofya kuweka vyote vimesomwa tangu ajiunge mwaka juzi basi kila kilichoandikwa tangu mwaka juzi kinawaka. Wewe unaona jukwaa bovu kumbe linasema kweli kwa kile linachokijua. Anayetumia kompyuta ya intaneti kafe ndiyo kabisa, wakifuta historia ya brauza jioni daftari lake limeenda na maji.

Kuki yenyewe ni ndogo, brauza zinaruhusu kama kilobaiti 4 kwa kuki moja, na waliotengeneza phpBB walijitahidi kuibana kweli, namba za mada zinaandikwa kwa mfumo wa 36, yaani tarakimu kumi na herufi ishirini na sita, kwa hiyo mada 812 inakuwa "mk" tu, na muda wanahesabu tangu siku jukwaa lilipofunguliwa badala ya tangu 1970 ili namba iwe fupi. Kazi nzuri na inawafaa wageni wasio na akaunti, lakini kwa memba anayesoma kila siku nafasi hiyo haitoshi, na hata ingetosha bado simu na kompyuta zisingeongea.

Dawa ni kuwasha load_db_lastread, ni kubofya mara moja. Ila nakuomba usiiwashe kimyakimya usiku ukalala, maana siku hiyo ya kwanza majedwali ni matupu, kila mtu atarudishwa kwenye user_lastmark yake, na utaamka una malalamiko mengi kuliko ya jana. Andika tangazo juu kabisa siku mbili kabla, waambie siku fulani tunabadilisha, ukiingia utaona vingi vimewaka, bofya mara moja kuweka majukwaa yote yamesomwa halafu endelea kama kawaida, kuanzia hapo simu na kompyuta vitakwenda pamoja. Anayejua kuna mada hajazimaliza azisome kwanza kabla hajabofya.

Kero ya pili sasa, hii ya kwenda kula na kurudi, na hii inaniuma zaidi maana mtu anapoteza vitu bila kujua kwamba kapoteza. Kwenye kero ya kwanza angalau unaona vingi kuliko inavyotakiwa, unakereka unaendelea. Kwenye hii jukwaa linakuambia hakuna kitu, unaliamini, na swali la mwenzio ambaye kuku wake wanakufa linapita.

Hapa neno "mpya" na maneno "haijasomwa" yanachanganywa na siyo kitu kimoja hata kidogo. phpBB ina viungo viwili vya kubofya. Kimoja kinatafuta posti ambazo hujazisoma, hicho kinatumia daftari lile la alama. Kingine kinatafuta posti zilizoandikwa tangu ulipotembelea mara ya mwisho, na hiki hakijali umesoma nini, kinaangalia saa tu. Memba wako kaingia saa mbili asubuhi, kasoma mbili, kaondoka. Sesheni, yaani kipindi ambacho jukwaa linakuhesabu kuwa umo ndani, ikikaa bila kuguswa inakufa, kwa mpangilio wa kawaida ni sekunde 3600 yaani saa moja. Karudi saa nane mchana, sesheni mpya inaanza, na "mara ya mwisho" sasa ni ile asubuhi, kwa hiyo kila kilichoandikwa jana na juzi, kisomwe kisisomwe, kinahesabiwa cha zamani. Anabofya posti mpya anapewa yale ya tangu asubuhi peke yake, kama hakuna aliyeandika basi ni sifuri. Lakini akienda kwenye ukumbi wenyewe kwa mkono atakuta mada zake bado ni nyekundu, yaani alama hazijafutika, ni kiungo alichobofya ndicho kinachouliza swali jingine.

Programu za zamani nyingi zilikuwa zinaishi kwa hesabu hiyo tu ya mara ya mwisho, na wakati ule watu wanaingia mtandaoni mara moja kwa siku, wanakaa saa nzima, wanasoma vyote wanatoka, ilitosha. Leo mtu anachungulia kwenye daladala dakika tatu, bando linakata, anarudi, hesabu ile haimfai tena. Kwa hiyo ushauri wangu kaondoe kabisa kile kiungo cha posti mpya kwenye menyu ya themu yako (yaani muonekano wa jukwaa), ubakize cha zisizosomwa, na kama huwezi kuhariri themu basi weka kiungo cha zisizosomwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo la kudumu. Mimi nimeshafanya hivyo kwenye kila jukwaa nililokabidhiwa na hakuna aliyewahi kuniuliza kile kingine kimeenda wapi.

Kuna jambo hukuuliza ila litakupata siku moja, saa ya seva. Miaka ya nyuma nilikuwa nahudumia jukwaa la mafundi redio na tivii, tukahamishwa seva, na aliyeiandaa ile seva mpya akaweka saa zetu mahali ilipotakiwa saa ya kimataifa, kwa hiyo seva nzima ikawa mbele kwa saa tatu. Hakuna aliyegundua kwa siku kadhaa, maana kila kitu kilienda mbele pamoja. Matatizo yalianza saa iliposahihishwa. Mtu alikuwa ameshasoma mada na alama yake imeandikwa saa tano usiku, na kwa kweli ni saa mbili. Fundi mwingine akajibu saa mbili na nusu, muda wa mada ukawa saa mbili na nusu, unalinganishwa na alama ya saa tano, mdogo, basi haiwaki. Majibu yaliingia na hakuna aliyeyaona, na kwa kuwa posti zinapangwa kwa muda yale majibu yalikwenda kukaa juu ya posti za kabla yake, ukifungua mwisho wa mada hukuti kitu. Ilikwenda hivyo mpaka saa ya kweli ikazipita zile alama ndiyo hali ikatulia, lakini yaliyozama yalizama. Tangu hapo nikipewa seva kitu cha kwanza kuchek ni saa, na nakuomba na wewe ufanye hivyo leo, andika posti moja ya majaribio ulinganishe muda wake na simu yako.

SMF, hii nayo ni programu ya majukwaa ya zamani kidogo na ya bure, ilikwepa shimo hilo kwa kutotumia saa kabisa. Kwenye daftari lake, jedwali la log_topics, haiandiki muda, inaandika namba ya posti. Posti mpya siku zote ina namba kubwa kuliko iliyotangulia, saa ya seva iwe mbele iwe nyuma haijalishi. Mimi naona ni kipimo bora, ila siyo sababu ya kuhama kutoka phpBB, saa ikiwa sahihi zote mbili zinafika palepale.

Namba nazo zina historia yake. Kwenye Usenet, ule mtandao wa majadiliano ulioanza 1979 pale Chuo Kikuu cha Duke Marekani, msomaji alikuwa na faili lake mwenyewe kwenye kompyuta, linaitwa .newsrc, mstari mmoja kwa kila kundi, jina la kundi halafu namba za makala alizosoma, mfano 1-1523,1530. Ukiangalia vizuri hapo kuna kitu sisi hatuna: kuna pengo. Huyu kasoma mpaka 1523, akaruka sita, akasoma 1530, na faili linalikumbuka pengo. Alama yetu ya sasa haina uwezo huo, memba wako akiruka moja kwa moja ukurasa wa mwisho wa mada yenye kurasa tano, phpBB inaandika muda wa posti ya mwisho aliyoonyeshwa na zile kurasa za katikati zote zinahesabiwa amesoma. Akifungua ukurasa wa kwanza tu ni salama, alama inafika mwisho wa ukurasa huo, mada inabaki nyekundu. Kwa hiyo wafundishe watu wako wabofye kile kialama kidogo chekundu pembeni ya jina la mada badala ya jina lenyewe, kinawapeleka kwenye posti ya kwanza ambayo hawajaisoma, wanasoma kwa mfuatano na alama inaenda nao sawasawa. Hilo peke yake litakupunguzia nusu ya maswali.

Discourse, programu nyingine ya majukwaa iliyotoka 2013, imekwenda mbali zaidi, inaangalia posti imekaa mbele ya macho yako kwenye skrini muda gani ndipo inaihesabu, na ukikaa kwenye mada dakika 4 kwa mpangilio wake wa awali inaanza kukufuatilia mada hiyo na kukuhesabia posti ambazo bado. Nzuri, lakini inataka seva yenye nguvu kuliko inayohitajika na phpBB. XenForo, nayo ni programu ya majukwaa, inatunza daftari siku 30 kama hukubadilisha, mada ambayo haijaguswa zaidi ya hapo inahesabiwa imesomwa kwa kila mtu, kwa hiyo ukihamia huko siku moja usishangae memba aliyepotea miezi miwili akirudi anakuta vichache vimewaka.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. La kwanza, mtu akikuambia nimesoma nikarudi nyuma bado ni nyekundu, mwambie aburuze ukurasa ujifungue upya, kitufe cha kurudi nyuma mara nyingi kinaonyesha ukurasa ule wa zamani uliohifadhiwa kwenye simu bila kuuliza seva. La pili ni zito na kwa jukwaa la mifugo ni zito zaidi: kuhariri posti hakuiwashi mada. Mtu kaandika kipimo cha dawa kimakosa, watu arobaini wamesoma, kesho yake kagundua kahariri kimyakimya, muda wa posti ya mwisho haukubadilika, hakuna hata mmoja kati ya wale arobaini atakayeonyeshwa kitu. Weka sheria, kosa la dozi, chanjo au siku za kuacha kuuza mayai baada ya dawa linasahihishwa kwenye posti yenyewe na pia kwa kuandika jibu jipya chini, ili iwake kwa wote waliosoma.

Ukishawasha load_db_lastread jaribu hivi kabla hujatangaza imekamilika: ingia kwa akaunti ya memba wa kawaida, siyo ya admini, kwenye simu na kwenye kompyuta kwa wakati mmoja, fungua mada moja kwenye simu uisome mpaka chini, halafu nenda kwenye kompyuta ufungue upya orodha ya mada. Ikizima pale pale umemaliza. Ikibaki nyekundu chungulia jedwali la topics_track kama kuna mstari wa memba huyo, na kama hakuna niandikie unatumia toleo gani la phpBB na kama umeongeza kiendelezi chochote, tutaanzia hapo.